Mgonjwa wa Figo Haringi

Wale mmezoea kuniona nikichekesha watu na skiti za makanga na za wazee wakipanga vile watakula bonasi ya chai, leo mtanivumilia. Nataka tuongee kuhusu chakula. Si zile story za "kula hivi tumbo liishe kwa siku saba". Naongea kuhusu sahani ya mtu ambaye figo zake zimegoma, na vile sisi watu wa huku, kwa upendo wetu wote, tunaweza kummaliza na hiyo sahani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mtu wa figo akikataa mursik yako, akaomba nusu kikombe cha chai, akaacha viazi kando ya sahani, haringi. Hajaanza kujiona wa Nairobi. Anajaribu tu kufika siku yake ya mashine akiwa hai.

Kwa wageni hapa: mimi ni wa Mogogosiek, Konoin, kaunti ya Bomet. Ukifungua mlango kwetu unaona majani chai mpaka macho yachoke, na barabara zote ni kama zinaelekea kiwandani. Mama yangu amechuma chai tangu nikiwa mgongoni mwake. Presha ilimshika kwanza, na miaka baadaye figo zikafuata. Sasa anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi nyumbani, na siku hizi maisha yangu ni kamera, sufuria na mizani ya kupima kilo. Sijasomea udaktari. Haya ninayosema nimeyatoa kwa wauguzi, kwa mtaalamu wa lishe, na kwa kusoma usiku wakati network iko sawa. Vipimo vya damu vya mtu wako ndivyo vinaamua anachokula, kwa hivyo chukua hii kama mahali pa kuanzia maswali.

Tuanze na kazi ya figo, juu watu wengi wanadhani ni mkojo tu. Figo mbili zenye afya huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwa damu kila siku, halafu zinarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Ndiyo maana hukuwahi kufikiria kuhusu ndizi. Ulikula, potasiamu ikaingia, figo zikatoa iliyozidi, story ikaisha. Zikichoka, hakuna wa kutoa. Kiwango cha kawaida cha potasiamu kwa damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Ikipita 6, moyo unaweza kuanza kupiga vibaya, na unaweza kusimama. Wakati mwingine haitoi ishara yoyote kabla. Mtu anaweza kuwa anaongea na wewe vizuri jioni, asubuhi mnaitana.

Sasa angalia kalenda ya mama. Jumatatu hadi Alhamisi ni siku tatu. Alhamisi hadi Jumatatu ni siku nne. Hiyo ya pili ndiyo ndefu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011 kuhusu watu wa kusafishwa damu, ambao kule huenda mara tatu kwa wiki, na ulionyesha kwamba vifo na kulazwa hospitalini vinapanda baada ya ile nafasi ndefu kati ya mashine na mashine. Na kwetu katikati ya hiyo nafasi kuna nini? Jumapili. Kanisa, halafu wageni, halafu chai, halafu wali na viazi na supu, halafu chai tena. Siku ambayo mwili wa mama umejaa zaidi ndiyo siku ambayo kila mtu anataka kumjazia sahani.

Kuna Jumapili moja tulienda kwa jamaa kulikuwa na shughuli ya mahari. Mama alisema mapema, kwa heshima, kwamba atakunywa kidogo. Mzee mmoja akacheka: "Kwani chai ya kwetu ina sumu?" Watu wakacheka pia. Mama ni mtu wa haya. Akakunywa. Kikombe cha kwanza, cha pili, halafu kalabasi ya mursik ikapita, akashika, juu unakataaje mursik kwa siku kama hiyo? Usiku huo hakulala. Akilala chali anakosa pumzi, akikaa anakohoa. Nilikaa naye kitandani, mito mitatu mgongoni mwake, tukingoja kukuche. Asubuhi kwa mizani ya hospitali alikuwa amepanda kilo nne na nukta. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu si ngumu. Kutoa maji mengi hivyo kwa saa chache kunashusha presha na kuleta mikakamao ya misuli. Mama yangu, ambaye nimemuona akibeba kikapu cha majani kwa matope bila kulalamika, alilia akishika mguu.

Hakuna aliyemchukia kwa ile shughuli. Hiyo ndiyo inaniuma. Walikuwa wanampenda kwa njia pekee wanayoijua.

Sasa tuje jikoni.

Siku mama alipoanza mashine tulipewa karatasi ya chakula. Upande mmoja "kula", upande mwingine "usile". Upande wa "kula" ulikuwa na asparagasi na beri za kila rangi. Upande wa "usile" ulikuwa ni kama mtu ametembea shamba letu akiandika kila anachoona: ndizi, parachichi, viazi, maharagwe, maziwa, mboga za kienyeji. Mama akaisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Sasa hii asparagasi inamea wapi, ndio twende tuishi huko?"

Nilicheka, lakini hiyo ni shida ya kweli. Mtu akipewa orodha inayofuta maisha yake yote, atafanya moja ya mambo mawili. Ataitupa ale kama zamani, au ataifuata kwa woga mpaka akonde, ale ugali mtupu na chumvi. Yote mawili yanaua. Mtaalamu wa lishe tuliyempata baadaye ndiye alituambia kitu kilichobadilisha nyumba yetu. Alisema swali la kwanza si "ni chakula gani", ni "ni kiasi gani na kimepikwaje".

Chukua managu na saga. Nyanya zetu walipikaje? Unachemsha majani kwa maji mengi, unamwaga yale maji machungu, ndio unaweka maziwa au krimu na kuacha mboga ikae. Sisi tulikuwa tunadhani ni ya kutoa uchungu tu. Kumbe potasiamu huyeyuka kwenye maji, na ukimwaga hayo maji unaimwaga pia. Yaani sehemu ya ile "diet ya figo" ilikuwa tayari kwa sufuria ya kogo. Tulichobadilisha ni kidogo: maji zaidi, krimu kijiko badala ya kikombe, na magadi hatuweki, juu magadi ni sodiamu. Na sahani yake ni ndogo, si ule mlima wa zamani.

Viazi navyo vina somo lake. Huku watu wanaambiana uviloweke usiku kucha. Watafiti wa Marekani walipima hiyo maneno 2008. Kuloweka peke yake hakukufanya kitu cha maana. Kuchemsha ndiko kulitoa potasiamu: viazi vilivyokatwa vipande vya mraba vilipoteza karibu nusu, na vilivyokwaruzwa vyembamba karibu robo tatu. Kwa hivyo kwetu viazi vinakatwa vidogo sana, vinachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, ndio vinaingia kwa kitunguu. Supu ya viazi ambayo maji yake yanabaki kwa sahani, hiyo mama hali. Umechemsha potasiamu ukamrudishia kwa kijiko.

Parachichi ni kesi ngumu, na najua mnalipenda. Gramu 100 za parachichi zina takriban miligramu 485 za potasiamu. Tofaa au nanasi kiasi hicho hicho lina kama 110. Wali mweupe uliopikwa hauna hata 50. Wagonjwa wengi wa mashine huwekewa kikomo cha kati ya miligramu 2,000 na 3,000 kwa siku nzima. Parachichi moja kubwa la hapa kwetu, lile la kushika kwa mikono miwili, linaweza kula sehemu kubwa ya hiyo bajeti kabla hujafika kwa ugali. Kwa hivyo mama anapata kipande cha kidole, siku moja moja, na siku hiyo hakuna ndizi. Kabeji, wali, ugali wa unga uliokobolewa, tofaa, nanasi kidogo: hivyo ndivyo vya kila siku. Na vyote viko sokoni Mogogosiek, hauhitaji kupanda ndege.

Halafu protini. Hapa ndipo kijiji kizima kinakosea, na sitawalaumu, juu ushauri wenyewe hugeuka katikati ya safari. Kabla mtu hajafika kwa mashine, madaktari wengi humwambia apunguze protini, karibu gramu 0.8 au chini kwa kila kilo ya uzito wake, ili figo zilizobaki zisifanye kazi ya ziada. Akianza mashine, mambo yanapinduka. Mashine ikisafisha damu inaondoka na sehemu ya protini, kwa hivyo sasa anatakiwa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Fanya hesabu. Sasa watu wanakuja nyumbani wanamwambia mama, "Wachana kabisa na nyama na mayai, figo hazitaki." Walisikia ushauri wa zamani wakaubeba mpaka leo. Mama akiufuata anaisha mwili. Siku hizi kuku wetu wana heshima kuliko mimi, na ute mweupe wa yai ndio rafiki yake mkubwa kwa sababu una protini lakini karibu hauna fosforasi.

Fosforasi ni nini? Ni ile inayobaki kwa damu, ikavuta kalsiamu kutoka kwa mifupa na kuleta mwasho usiku mpaka mtu ajikune damu. Iko kwa maziwa, ndiyo maana mursik inapimwa. Iko pia kwa soda nyeusi na nyama za kopo na soseji, na hiyo inayowekwa kiwandani mwili unaivuta karibu yote. Ya maharagwe imefungwa ndani ya mbegu, mwili unachukua sehemu tu. Kwa hivyo kati ya kikombe kidogo cha maharagwe yaliyochemshwa na maji kumwagwa, na soda nyeusi ya kusindikizia pole ya mgonjwa, bora maharagwe. Lakini mgeni akija kuona mgonjwa huleta nini? Soda.

Na chai. Walahi chai ndio vita vyetu. Huku chai ni salamu, ni msamaha, ni jaketi la saa kumi na mbili asubuhi wakati ukungu umekaa. Kimsingi mtu wa mashine hupimiwa maji hivi: kiasi cha mkojo anachotoa kwa siku, ongeza mililita 500. Kama hatoi mkojo mwingi, unaongea juu ya vikombe vitatu vya kawaida kwa siku nzima, na hapo ndani kuna uji, supu, mursik na maji ya kumezea dawa. Tulichofanya ni kununua vikombe vidogo, vile vya kahawa. Anakunywa mara nne, anashika kikombe, anaketi na watu, na jumla haipiti. Pia tulipunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Chumvi ikipungua, kiu inapungua. Tulitoa vile vidonge vya kukoleza mchuzi, tukaweka kitunguu saumu, dania, limau kidogo. Lakini sikiza hii: ile chumvi ya dukani inayouzwa kama ya "sodiamu kidogo" mara nyingi imejazwa potasiamu badala yake. Kwa mwenye presha peke yake inaweza kumsaidia. Kwa mwenye figo ni hatari. Soma pakiti.

Sasa naingia kwa wenzangu wa kutengeneza video. Kila wiki naletewa mtu anauza unga wa "kusafisha figo" kwa wiki mbili. Wengine wameniandikia wanataka nitangaze, na pesa iko, sitawadanganya, na hapa nyumbani pesa ingetumika. Nimekataa. Mwaka wa 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliandika kuhusu wanawake waliotumia dawa za mitishamba za kupunguza mwili, wakaishia na figo zilizokufa. Baadaye idadi ilipita 100. Ndani kulikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Ulikuwa wa asili kabisa, hauna kemikali ya kiwanda, na uliua figo za watu wenye afya. Sisemi kila mti ni sumu, nyanya yangu alitutibu na miti. Nasema mtu ambaye figo zake haziwezi kutoa hata potasiamu ya ndizi hawezi kuwa mtu wa kujaribiwa dawa ambayo muuzaji mwenyewe hajui imebeba nini.

Na wale bado wazima, hasa wachumaji chai wenzangu na wazazi wenu: mgongo unauma, najua. Zile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ukizimeza kila siku miezi kwa miezi, zinaweza kuumiza figo, na zaidi kama una presha au sukari. Presha na sukari ndizo zinaongoza kwa kuharibu figo, na zote mbili hukaa kimya. Kupima presha ni dakika mbili. Kupima protini kwa mkojo na kreatinini kwa damu si safari ya India. Peleka mzazi wako kabla ya bonasi, usingoje baada.

Kuna watu wataniambia, "Wewe unaongea mayai na vikombe vidogo, na serikali je?" Sawa. Tangu 2015 mpango wa kukodisha mitambo ulipoanza, mashine zimesogea hadi hospitali za kaunti, na hiyo imeokoa watu. NHIF ilikuwa inalipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi cha kusafishwa damu. SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, kiwango kikawa 10,650. Hizo ni pesa za mashine. Hakuna anayelipa trei ya mayai. Hakuna anayelipa nauli ya watu wawili mara mbili kwa wiki, wala siku mbili za kuchuma zilizopotea. Unamsafisha mtu damu kwa maelfu halafu unamrudisha nyumbani kwa njaa. Kama kuna mheshimiwa anasoma hii, mweke mtaalamu wa lishe kila mahali kuna mashine, na karatasi anayotoa iandikwe na mtu anayejua saga, managu, kimyet na mursik. Ikiwezekana kwa Kiswahili na Kikipsigis. Hiyo haihitaji mabilioni.

Lakini ya serikali itachukua muda, na Jumapili iko karibu. Kwa hivyo naomba kwenu ninyi wa rika langu, juu ninyi ndio mnapakua chakula kwa shughuli. Ukiona mama wa watu ameomba kidogo, mpe kidogo, bila mzaha, bila "ongeza tu". Mtengee wali na kabeji kabla mchuzi haujamwagwa juu ya kila kitu. Muulize pembeni, "Mama, kikombe chako ni kipi?" Mzee akianza ile ya "kwani chai yetu ina sumu", ingilia kati wewe kijana, useme mama ana masharti ya daktari, halafu ubadilishe story. Ukienda kuona mgonjwa, wacha soda dukani. Beba trei ya mayai, ama tofaa, ama mpe lifti ya kwenda hospitali.

Na kama mgonjwa ni wako, jifunze kupika kabla hujajifunza kumkemea. Mama aliniambia juzi akikoroga ugali, "Mimi sikatai masharti. Nakataa kula peke yangu kama mtu wa karantini." Tangu siku hiyo, nyumba nzima tunakula sufuria moja: mboga iliyomwagwa maji, chumvi kidogo, viazi vidogo vidogo. Mwenye kutaka kuongeza ataongezea kwa sahani yake. Ndugu yangu mdogo alinuna wiki moja. Sasa amezoea, na presha yake hatujui, lakini Jumamosi tunampeleka kupimwa.

Kama una mtu wa figo kwenu, niandikie vile mnapika kwenu, hasa wa Pwani na wa Ziwa. Nataka kujua samaki na nazi mnazipangaje. Mama ameniambia niulize.